Mbuzi Ndani ya Ngitili

Limi mwanangu,

Mama yako amenifukuza jikoni. Anakufungia michembe ya viazi vikavu na karanga za kukaanga, na anadai kwamba nikiendelea kukaa pale karanga zitaisha kabla hujavuka Tinde. Basi nimetoka na kiti changu, nimekaa ubavuni mwa zizi, jua bado lipo, na kalamu ninayoandikia nimeitoa kwenye mkoba wako mdogo. Ukiikosa kwenye ndege usidhani umeibiwa. Iko kwa baba yako.

Ningekuandikia kwa Kisukuma, maana ndicho tunachogombania na kupatania. Lakini kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, tena kwa kiboko, na mpaka leo mkono wangu haujui njia nyingine. Ukifika mahali maneno yamekauka kama tangazo la serikali ya kijiji, ujue hapo umesema mkono, moyo haumo.

Habari za pasi ya kusafiria, koti la baridi na nani atakupokea uwanja wa ndege namwachia mama yako. Amezisema mara nyingi hata ng'ombe wamezijua. Mimi nina neno moja tu, nalo linahusu ulichosema leo mchana tulipokuwa tunakula.

Ulisema, "Baba, nafikiri niahirishe safari. Kikao cha ngitili, hifadhi yetu ya malisho, ni mwezi ujao. Nikiondoka sasa, nani atasimama kuisemea?"

Nikanyamaza. Ukaniangalia, ukadhani nimekubali. Sikukubali hata kidogo. Nilinyamaza kwa sababu naijua hasira yangu, na yule kuku mama yako alimtunza muda mrefu kwa ajili ya siku ya kukuaga. Sikutaka kumharibu kwa kelele. Sasa kuku ameisha, naweza kujibu. Chuo cha ng'ambo kimekwambia wazi kwamba nafasi yako haingojei mwaka mwingine. Ukiiacha atapewa mwingine, na wewe utabaki hapa kulinda miti. Kazi hiyo niliifanya mimi miaka mingi, na unajua ilivyonigeuka.

Lakini kabla sijafika huko, niseme jambo ambalo sijawahi kulisema. Nimekulea nikiogopa kukusifu. Ulipoleta matokeo ya kidato cha nne nilisema, "Siyo mabaya," halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu kama mwehu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nikaushika usemi huo kama dawa ya kumeza kutwa mara tatu. Leo sijali. Litiwe maji, limwagike lote. Najivunia wewe, Limi. Najivuna mpaka jirani zetu wamenichoka. Jana mnadani Mhunze nilimweleza habari zako mtu aliyekuja kuuliza bei ya beberu tu.

Sasa tuje kwenye miti.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa Masumbwe, kwenye machimbo ya dhahabu. Sikuwa mchimbaji. Kushuka shimoni niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa napeleka matimba, yale magogo wanayosimamisha ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili kuta zisiwaangukie watu. Siku hizo mti kwangu ulikuwa na mambo mawili: urefu na unene. La tatu nililifundishwa na wachimbaji wenyewe. Ukileta gogo, mzee wa duara analipigapiga kwa nyundo, kisha anapitisha kidole kwenye gome. Kidole kikitoka na unga mweupe, gogo linarudi nyumbani na wewe. Unga ule ni kazi ya bungua, wadudu wanaotoboa mti ndani kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Nilirudishiwa magogo mengi mpaka nikaujua unga huo hata gizani.

Kule Masumbwe vilima nilivyovikuta na miti niliviacha vipara. Sisemi nilivinyoa peke yangu, tulikuwa wengi, lakini shoka langu lilikuwemo. Niliporudi huku Kishapu, ukoo ukanikabidhi ngitili niwe mlinzi wake, na mimi nikajiapiza kwamba hapa hautaanguka mti hata mmoja. Nafikiri ndipo kosa lilipoanzia, kwenye kiapo kizuri.

Maana ngitili, mwanangu, ni kufunga na kufungua. Mvua zikianza unaifunga, nyasi zinakua, mifugo inakaa mbali. Kiangazi kikibana unaifungua, mifugo inaingia kwa zamu, inakula, inatoka. Hivyo ndivyo walivyofanya babu zangu. Mimi nilishika nusu ya kwanza tu. Nilifunga. Kiangazi kikaja, watu wakaniuliza, nikawaambia nyasi bado changa. Kiangazi kingine nikasema miti bado midogo. Nikazungusha boma la miiba, nikaziba kila tobo, nikalala na rungu mlangoni. Watu wakaanza kununua majani ya ng'ombe kwingine huku wakiyatazama ya kwao yakizeeka. Na mimi, jinsi nilivyokuwa mjinga, kila nilipolalamikiwa nilijiona mtakatifu zaidi.

Mama Kulwa unamkumbuka alivyokuwa wakati huo. Mjane, mbuzi wake ndiyo maisha yake, na nyumba yake iko jirani kabisa na ile kona ya ngitili karibu na korongo. Mbuzi wake waliruka boma, nikawakamata, nikampeleka dagashida, baraza letu, mbele ya wazee. Akapigwa mchenya, faini yetu ya kimila, akatoa beberu, na beberu akachinjwa palepale wazee wakala. Nami nikala paja. Nakumbuka lilikuwa laini. Mama Kulwa alinitazama nikitafuna, akasema, "Baba Limi, kula vizuri. Huyo alikuwa anajua kuruka." Kwa miaka mingi baada ya hapo salamu yake kwangu ilikuwa ya kugusa tu, kama mtu anayepima joto la sufuria.

Na wewe nilikuzungushia boma vilevile. Mwalimu wako wa hesabu alipokucheka darasani, nilikwenda shuleni nikafoka mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini. Wewe ulikaa wiki nzima hutaki kuniongelesha. Ulipopata shule ya bweni mbali, nikatafuta sababu, mara kifua, mara maji ya kule, ukasoma ya kutwa hapa karibu. Nilidhani mzazi mwema ni yule ambaye mtoto wake hajawahi kung'atwa na kitu.

Halafu ukamaliza chuo, ukapata kazi ya kujitolea kufundisha sekondari, na wapi? Masumbwe! Niliijua Masumbwe. Nilijua kelele za usiku, nilijua vijana wakipata dhahabu wanavyokuwa. Nikakataa. Ukaenda. Miezi ya kwanza ulikuwa unapiga simu jioni ukilia, na mimi nikavaa viatu mara mbili nije kukuchukua, na mara zote mbili mama yako akasimama mlangoni. "Mwache," aliniambia. "Akitaka kurudi, barabara anaijua." Ulikaa. Uliporudi likizo ulikuwa unabishana na mimi ukiwa umenitazama usoni, bila kupandisha sauti. Nilikasirika sana. Baadaye nikamwambia mama yako, "Huyu mtoto ameota mfupa mahali." Akanijibu kwamba mfupa ulikuwepo siku zote, ila ulikuwa haujapata kazi.

Likizo hiyohiyo malula, miti ya ngitili yetu, yalikuwa yameanza kufa.

Unaijua huzuni yangu ya siku zile, lakini labda hukujua ukubwa wake. Ngitili yetu iko kwenye udongo mweusi wa mbuga, na mti unaotawala pale ni ilula, ule wenye miiba mirefu na vinundu vyeusi vinavyopiga mluzi upepo ukipita. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyethubutu kushika tawi lake. Ukiligusa tu, sisimizi wanamwagika kutoka kwenye vinundu, wanang'ata mpaka unasahau jina la baba yako. Sasa niliyashika matawi na hakuna kilichotoka. Vinundu vilikuwa vichache, vya zamani, vitupu. Nikapitisha kidole kwenye gome kikatoka na unga mweupe. Nilikaa chini, Limi. Nilikuwa nimeufuta unga ule kwenye magogo yaliyokufa maisha yangu yote ya ujana, na sasa ulikuwa kwenye miti yangu iliyo hai, miti niliyoilinda kuliko mtu yeyote alivyowahi kuilinda.

Ukaja siku ile na jiwe lako. Nilidhani umeniletea kipande cha kigae. Jiwe la tope la kale, jembamba, ulilopewa na rafiki yako anayesomea miamba. Alisema mchimba almasi wa huku kwetu alikuwa amelitupa pembeni pamoja na makapi. Ndani yake kulikuwa na jani. Siyo picha ya jani, ni alama ya jani lenyewe, mishipa yote ikionekana, na ukingoni limemegwamegwa.

Mama yako akalishika, akasema, "Kwa hiyo hata wadudu wa zamani hizo walikuwa na njaa."

Ulicheka, ukasema ameelewa somo lote kwa mkupuo mmoja. Halafu ukanieleza mimi, ambaye sielewi upesi. Ukasema tope hilo lilikuwa la ziwa, na ziwa lilikuwa hapa, kabla mtu hajaitwa mtu. Majani yalidondoka ndani yake yakafunikwa. Watu wanaojua kuyasoma wanatazama umbo: jani pana la nchi ya mvua, jani dogo gumu la nchi kavu. Kisha wanatazama meno ya mdudu, nani alikula ukingo, nani alitoboa katikati, nani aliacha uvimbe. Wakiyapanga mawe kwa umri wake wanaona hali ya hewa ikibadilika, na miti na wadudu wakibadilika nayo, wote pamoja, wakisukumana.

"Mvua zilipungua, Baba," ulisema. "Si mwaka mmoja au miwili kama tunavyolia sisi. Polepole, muda mrefu kuliko tunavyoweza kufikiri. Misitu ikarudi nyuma. Nyasi zikaingia, na wanyama wa kula nyasi na majani wakaongezeka. Mti uliobaki mahali wazi hauwezi kukimbia."

"Ukaota miiba," nikasema, nikijiona mwerevu.

"Haukuamua kuota. Ule usio na miiba uliliwa ukaisha, wenye miiba ukabaki kuzaa. Hivyo hivyo, kizazi hata kizazi."

"Na sisimizi nani aliwaita?"

"Hakuna aliyewaita. Miti fulani ilikuwa na vinundu na utamu kidogo kwenye majani. Sisimizi waliokaa humo walipata nyumba na chakula, wakauma kila anayekuja kula mti wao. Mti uliokuwa na walinzi uliishi zaidi. Wakazoeana mpaka leo huwezi kumwelewa mmoja bila mwenzake."

Nikafurahi. Nikasema basi tatizo ni sisimizi, tuwatafute wengine tuwarudishe. Ndipo ukanitazama kwa namna ambayo daktari humtazama ndugu wa mgonjwa. Ukasema sisimizi hawakuibiwa. Ukasema mti ule ulitengenezwa na kuliwa. Kila unapong'atwa na mnyama, unajenga vinundu vipya na kutoa utamu, unawalipa walinzi. Usipoguswa miaka na miaka, unaacha kulipa. Walinzi wanakonda, wanakuja sisimizi wa aina nyingine wasiolinda kitu, hao wanapenda kuishi kwenye matundu ya bungua, na bungua wanakaribishwa kama wageni wa harusi. Wengine walishaona hivyo kwenye miti kama hii mahali wanyama wakubwa walipofungiwa nje. "Hapa kwetu sina uhakika," ulisema. "Huko walikuwa na twiga na tembo. Sisi tuna mbuzi."

Nilikuelewa, na nilichukia kwamba nilikuelewa. Kama ulikuwa unasema kweli, basi mwuaji wa malula alikuwa mimi na rungu langu.

Kikao kikaitishwa. Wazee walikuwa wamekwisha kuona miti inakufa, na mwenye shamba la dengu jirani alisema waziwazi, "Mti umekufa, ardhi haijafa. Tugawane tulime." Wengi wakaitikia. Ukasimama wewe, mahali ambapo wanawake kwa kawaida hukaa pembeni na mabinti hawakai kabisa. Ukasema, "Shikamooni wazee. Naomba kabla hamjaigawa, mbuzi waingie."

Kisha Mama Kulwa, kutoka pembeni: "Mbuzi wa nani?"

"Wako, mayu," ukamjibu kama mtoto kwa mama yake.

"Wangu mlishawahukumu humuhumu. Wale ni wafungwa wa zamani."

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Na katika kicheko kile nikasimama mimi, baba yako, nikasema neno ambalo nimelitafuna kila siku tangu hapo. Nikasema, "Msimsikilize. Amesoma sana, akili imechoka."

Hukukaa chini. Sijui wewe mwenyewe unakumbukaje, lakini mimi nakumbuka miguu yako. Chini ya khanga haikurudi nyuma hata hatua moja. Ukasema, "Inawezekana, Baba. Basi twendeni tukaguse miti, tusisemee hapa."

Tukaenda, wazee wote, jua kali, na mimi nyuma kabisa. Ukatupeleka katikati ya ngitili, mahali nilipolinda kwa wivu kuliko pote, ukawaomba wakamate matawi. Wakakamata. Hakuna kitu. Mwenye dengu akatikisa tawi kwa mikono miwili kama anayetikisa mpera, hakuna kitu. Kisha ukatupeleka kwenye ile kona ya korongo, karibu na kwa Mama Kulwa. Nikajua unachotaka kabla hatujafika. Kona ile sikuwahi kuishinda. Kila nilipoziba tobo, mbuzi wake walitoboa lingine. Malula ya pale yalikuwa yametafunwa ncha, mafupi, yana sura mbaya, na yamejaa vinundu. Mwenye dengu, aliyekwisha kuzoea, akakamata tawi kwa mikono yake miwili.

Alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Mhunze. Alirukaruka akijipiga mapaja, na sisimizi hawakumwacha mpaka alipovua shati. Mama Kulwa akangoja atulie. Halafu akasema kwa upole sana, bila kunitazama, "Kwa hiyo siku zote hizo mbuzi wangu walikuwa kazini."

Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu, nikatazama korongo.

Kikao kikakupa nafasi: mbuzi waingie kwa zamu, kipande kwa kipande, wale majani wapite, na baada ya masika mawili wazee waje watazame. Wakiona hakuna mabadiliko, ngitili inagawiwa; hicho ndicho kikao cha mwezi ujao. Ulisimama langoni wewe, kiangazi cha kwanza na cha pili, kila ulipopata likizo, na ulipokuwa shuleni Mama Kulwa alisimama badala yako. Mimi nilikaa nyumbani. Nilijifanya nina kazi na mabanda ya kuku. Ulirudi jioni umejaa vumbi, ukala, ukalala, na hata siku moja hukuniambia, "Nilikwambia." Sijui ulijifunza wapi ustaarabu huo, maana kwangu haukuwepo.

Sasa nisikilize, hili hulijui. Wiki iliyopita, ulipokwenda mjini kushughulikia karatasi zako, nilikwenda ngitili peke yangu. Nilienda kipande cha upande wa barabara, kile mbuzi walichoanza nacho. Si yote yamepona. Kuna malula yaliyokufa yakabaki kuni, na hayo ni yangu, nitayajibu mimi. Lakini mengine yalikuwa na vinundu vipya, vyekundu bado, havijapata weusi. Nikasimama mbele ya moja nikiwa na moyo wa mtu anayebisha hodi nyumba aliyowahi kuitukana. Nikaweka mkono.

Waliniuma, Limi! Waliniuma kiganjani, kwenye kifundo, mmoja akaingia ndani ya mkono wa shati. Mzee mzima nikasimama mbugani nikicheka na kulia kwa pamoja, mkono umenivimba, na sikuutoa upesi kama mtu mwenye akili angeutoa. Nilimdanganya mama yako kwamba ni nyuki. Sikuwa tayari kusema kwamba binti yangu alijua, na kwamba nilikuwa nimemcheka mbele ya watu kwa kujua kwake.

Ndiyo maana leo mchana sikukubali uliposema unataka kuahirisha. Ulisema ngitili haina wa kuisemea. Nikajiuliza ni nani aliyekufundisha kudhani hivyo, kwamba ukiondoka nyumbani hakuna mtu mzima atakayebaki kufanya kazi yako. Nikaona ni mimi. Niliketi pembeni misimu miwili nikakuachia mzigo wa boma nililolijenga mwenyewe.

Kwa hiyo tulipomaliza kula nilikwenda kwa Mama Kulwa. Sikwenda kumsalimia. Nilimkuta anachambua dengu, nikakaa chini, siyo kwenye kiti alichonipa. Nikamwambia nilimpeleka dagashida kwa kosa ambalo halikuwa kosa, nikamla beberu wake, na nilimtukana mwanangu siku ambayo nilipaswa kumwomba radhi yeye, Mama Kulwa. Nikamwomba mwezi ujao asimame kikaoni aisemee ngitili, kwa sababu mbuzi ni wake na macho ni yake, na mimi nitasimama kando yake nitaje makosa yangu moja baada ya jingine.

Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Nitasema. Lakini nina sharti."

Nikamwambia lolote.

"Kesho ndiyo zamu ya kipande cha katikati," akasema. "Kile ulichokilalia na rungu. Limi alikuwa amepanga awafungulie yeye kabla hajaondoka. Mimi sitawafungulia. Mwenye boma ndiye atakayelifungua, asubuhi, watu wakipita, mbuzi wangu waingie kwa mkono wake."

Nikasema ndiyo. Wabeja, nikamwambia, na asante hiyo nayo sijawahi kumwambia. Alipocheka niliona ana pengo ambalo sikulijua, kwa jinsi tulivyokaa miaka mingi bila kuchekeana.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa ulichosema wakati wa kula. Huko unakokwenda watakung'ata, mwanangu. Watakuuliza mambo usiyoyajua, watakucheka lafudhi, na baridi yenyewe nasikia ina meno. Safari hii sitavaa viatu. Si kwamba sitaumia ukipiga simu unalia, nitaumia sana, lakini nimekwisha kuona kona ya korongo na nimekwisha kuona katikati. Soma majani yako. Soma alama za wadudu waliokula kabla yetu, utwambie nchi hii ilikauka vipi na nani alibaki na kwa nini, maana mvua zetu nazo zimeanza kubadilika na sisi hatuna muda mrefu kama wa miti. Ukipata jibu, niambie mimi kwanza, hata kama sitaelewa. Nitalipeleka mnadani.

Mama yako atakusindikiza mpaka stendi. Mimi sitakuwepo, usinitafute na usikasirike. Basi la asubuhi linapita barabara ya ngitili. Kaa dirishani, upande wa kushoto. Utaniona nimesimama penye boma, nimevuta miiba pembeni, na mbuzi wa Mama Kulwa wananipita miguuni kuingia ndani. Dereva akipunguza mwendo, nipungie mkono.

Lakini usishuke.

Baba yako